Chumba cha Mwisho Upande wa Chini

Mtu akikuambia amepata kiwanja kwa bei nzuri, usimpe hongera kwanza. Muulize kimekaaje. Miaka yote niliyochora ramani za nyumba sijaona kiwanja cha bei nzuri kilicho tambarare. Vyote vinateremka, na mwenye kiwanja huwa wa mwisho kukubali. "Kina mteremko kidogo tu," ndivyo wanavyosema, halafu ni mimi na magoti yangu tunaokwenda kuujua huo udogo wake.

Huyu alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, mpaka mkewe. Aliingia ofisini kwangu na tepu yake shingoni, akakaa kabla sijamkaribisha, akaniambia nisijisumbue kwenda kupima. Kazi hiyo ameshaifanya mwenyewe.

"Injinia," akasema, "mimi kupima ndiko kunakonilisha."

Mimi si injinia, ni mchora ramani. Lakini kusahihisha watu nilishaacha siku nyingi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimechoka hata kabla ya chai. Nikachukua vipimo vyake, nikamchorea mchoro wa penseli, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ni wa kujadiliana tu mpaka nitakapopima mimi. Nikamwambia hivyo na kwa mdomo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Nilipopita dukani kwake baadaye, mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani katikati ya picha za mitindo ya magauni, na vyumba vimeshagawanywa kwa chaki ya kukatia nguo. Mbele, upande wa barabara, duka la Fundi. Kisha sebule, kisha jiko la mkewe, kisha chumba cha wenye nyumba. Mabinti zao mapacha walikuwa wamejiandikia kila mmoja chumba chake na kuchora maua pembeni. Nyumba yote ilikaa kwenye sakafu moja, bila ngazi hata moja, kwa sababu Mama Pacha ana nyonga mbovu tangu alipojifungua mabinti hao, na hutembea na fimbo. Na mwisho kabisa, upande wa chini wa kiwanja, chumba kimoja kiliandikwa "Shangazi".

Shangazi ni dada mkubwa wa Fundi. Mapacha walipozaliwa alikuja kumsaidia wifi yake mpaka apate nguvu. Sasa mapacha wamemaliza shule na bado anasaidia. Katika nyumba ile ya kupanga, iliyokuwa nyuma ya duka, alilala sebuleni kwenye kochi. Hakuweza kujilaza mpaka wa mwisho azime televisheni, na ilimbidi aamke kabla ya wote ili mgeni wa asubuhi asimkute na shuka. Nguo zake zilikuwa zile ambazo wateja walishonewa na hawakurudi kuzichukua. Siku ile alikuwa na gauni la zambarau la mtu mwenye mabega mapana, na kila alipoinama bega moja liliteleza, akalirudisha bila kuliangalia, kwa mazoea.

Alinisindikiza mpaka nje, akafungua mkoba wake. Ndani ya kitambaa mlikuwa na kitasa cha mlango, kipya, na funguo zake mbili zimefungwa kwa uzi.

"Mlango wa chumba changu utakuwa na unene gani?" akaniuliza. "Nisije nikawa nimenunua kitu kisichoingia."

"Kitaingia, dada," nikamwambia.

Akakifunga tena kitambaa, akakirudisha mkobani chini kabisa. Nyumba haijachimbwa hata msingi, mtu ana kitasa. Nilicheka njiani, kisha nikaona si jambo la kuchekesha.

Siku ya kupima tulikwenda wote. Kiwanja kilianzia kwenye barabara na kushuka mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua, na ng'ambo ya mtaro ukuta mfupi wa jirani. Kushoto jirani, kulia jirani. Kilikuwa chembamba kama ukanda na kilishuka kweli kweli. Hapakuwa na pa kutanukia. Mama Pacha alibaki juu kwenye kigoda na fimbo yake, mabinti wakajiegemeza kwenye nguzo ya umeme, na sisi watatu, mimi, Fundi na Shangazi aliyebeba vigingi, tukaanza kuteremka.

Nikamwomba Fundi anionyeshe alivyopima. Hakusita. Akapiga magoti, akaitoa tepu shingoni, akailaza juu ya udongo na kuibonyeza kwa kidole kila palipokuwa na shimo, akaipandisha kila palipokuwa na kinundu, akapiga alama ya chaki juu ya jiwe, akaisogeza mbele. Alikuwa makini kuliko vibarua wengi niliowahi kufanya nao kazi. Alipima kiwanja kama anavyopima mgongo wa mteja, tepu imelala kwenye ngozi, haikuruka bonde wala kilima. Kwa gauni ndivyo inavyotakiwa.

Kwa sakafu, sivyo.

Nikatoa tepu yangu, nikampa Shangazi ncha moja aishike juu kwenye kigingi cha kwanza. Nikaivuta mpaka ikanyooka hewani, nikaweka pimamaji kuhakikisha imelala sawa, nikateremsha timazi, uzi wenye risasi, kutoka kwenye ncha yangu mpaka ikagusa udongo huko chini, nikapigilia kigingi. Tukashuka, tukarudia. Tukashuka, tukarudia. Fundi alitazama ile tepu inayoelea bila kugusa ardhi kama anayemtazama mwanafunzi wake akiharibu kitambaa cha watu.

"Injinia, mbona hupimi chini?"

"Sakafu haivai kiwanja, Fundi. Sakafu inalala sawa kama maji kwenye beseni. Wewe umepima kitambaa. Mimi napima kivuli chake, jua likiwa utosini."

Fundi si mjinga, aliona mara moja. Aliangalia mteremko kutoka juu mpaka chini, kisha akaangalia tepu yake mkononi.

"Kwa hiyo tumepungukiwa."

"Tumepungukiwa."

"Kiasi gani?"

"Karibu mita tatu. Kila shimo na kila kinundu umekihesabu, na mteremko juu yake."

Ule mchoro alikuwa anauona kila siku mbele ya cherehani yake, na alijua ni chumba gani kina upana huo. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa bado ameshika ncha ya tepu, ameishika vizuri kabisa, kama nilivyomwelekeza.

Tukapanda juu kujadiliana. Mimi mikutano ya familia kwenye viwanja naijua. Huanza kwa upendo.

"Si tupunguze kidogo kidogo kila mahali?" akasema Mama Pacha. "Kila mmoja akitoa kidogo, hakuna atakayeumia."

"Ndiyo maana yake," akasema Fundi. "Ila duka msiliguse. Meza ya kukatia lazima kitambaa kilale chote. Nikikikunja nitakata vibaya, na hilo duka ndilo linalojenga hii nyumba."

"Na jikoni mimi nageuka na fimbo," akasema Mama Pacha, na ilikuwa kweli. "Mkinibania nitaangukia moto."

Nikawageukia mabinti, nikasema vyumba vyao viwili vingeweza kuwa kimoja kikubwa.

"Tumekaa chumba kimoja tangu tumboni," akasema mmoja.

"Na huko nako alinibana," akasema mwenzake.

Tukacheka, hata mimi. Sebule je? Wageni wangekaa wapi. Chumba cha wenye nyumba? Kitanda walichokwisha kuagiza kisingeingia. Tukazunguka namna hiyo kama ng'ombe wa kinu, kila mmoja akishikilia chake, mpaka maneno yakaisha. Hakuna aliyemwangalia Shangazi. Kamba hukatikia pembamba. Nilijua nani atasema na nilijua atasema nini.

"Mimi msinihesabu," akasema Shangazi. "Sebule si itakuwa kubwa kuliko ile ya sasa? Kwangu popote panatosha."

Watu wakashusha pumzi. Nilizisikia. Mama Pacha akaupapasa mkono wake. "Wifi yangu hana makuu," akasema, na alisema kwa mapenzi, na hayo mapenzi ndiyo yaliyonichoma. Angesema kwa ukali ningeweza kumjibu.

Kila familia niliyoichorea nyumba ina mtu mmoja anayesema popote panatosha. Huwa ni mama, au shangazi, au binamu aliyekuja likizo akasahaulika. Sijawahi kumsikia baba wa nyumba akisema hivyo. Na kila mara mimi huchukua penseli na kuchora kama walivyokubaliana, kwa sababu nyumba ni yao na mimi nimeajiriwa kuchora, si kuamua ugomvi ambao hata haujatokea. Siku hiyo nilijisikia kuchoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Nikasema nakwenda kuangalia mtaro, nikashuka. Uongo mtupu. Mtaro nilishauona.

Shangazi akanifuata na vigingi vilivyobaki.

"Usihuzunike," akaniambia, yeye ndiye akinibembeleza mimi. "Kitasa nitakifunga kwenye kabati."

Nilifunga uzi kwenye kigingi cha juu kabisa, pale sakafu ya duka ingekaa, nikauvuta ukiwa umelala sawa mpaka upande wa chini, kwa sababu mikono yangu inapokosa la kufanya hufanya kazi. Huu ndio uliokuwa usawa wa sakafu aliyoitaka Fundi, moja kwa moja bila ngazi. Nilipofika chini ilibidi nifunge mwisho wa uzi kwenye ncha ya mti mrefu na kuusimamisha, na uzi ukapita juu ya vichwa vyetu. Nikanyoosha mkono, sikuufikia. Fundi alikuwa ameniambia mteremko ni wa kiuno. Huu mtu mrefu angesimama chini yake na kofia.

Shangazi akasimama chini ya uzi, akatazama juu, kisha akageuka kutazama kule mteremko unakoelekea. Upande huo ulikuwa wazi. Mapaa ya watu yalishuka mbele yetu, nguo zimeanikwa, na upepo ulitufikia bila kupitia kwa mtu.

"Sasa hapa chini ya sakafu panakuwa nini?" akauliza.

"Kifusi. Tunajenga ukuta, tunamwaga udongo malori na malori mpaka pajae."

"Udongo wa nini?"

"Wa kubeba sakafu."

"Mnapata nafasi yote hii, halafu mnaijaza udongo?"

Nilianza kumweleza, kisha nikaona udongo hauhitajiki. Nguzo zingebeba. Nguzo na boriti za zege, na ukuta wa kuzuia udongo upande wa kilimani tu. Nikahesabu kichwani, nikarudia, nikakaa juu ya jiwe. Kisha nikawaita wa juu. Fundi alishuka mbio akifikiri nimeanguka, mabinti nyuma yake. Mama Pacha akasogeza kigoda mpaka ukingoni ili asikie.

Nikawaeleza: chumba cha Shangazi kiwe hapa chini, sakafu ya nyumba iwe paa lake. Fundi akakunja uso kabla sijamaliza.

"Dada yangu alale chini ya nyumba? Kama stoo? Watu watasema nimemtia dada yangu shimoni."

"Shimo gani lina dirisha?" nikamwambia. "Nyuma yake, upande wa barabara, ndiko kwenye udongo, na huko nitaacha nafasi ya hewa na bomba la kutoa maji. Mbele kote ni wazi. Upepo mtakaoupata ninyi juu utakuwa umeshapita kwake kwanza."

"Ngazi je?"

"Za nje, ubavuni mwa nyumba, zenye reli ya kushikia. Nyumba yako inabaki sakafu moja, mkeo hapandi wala hashuki."

Mama Pacha akauliza kutoka juu, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Na nikimwita, atasikia?"

Nilijua jibu, na nilijua linaweza kuharibu kila kitu. Lakini zege ni zege.

"Hapana," nikasema. "Katikati kuna zege nene. Hatasikia."

"Hata nikiita kwa nguvu?"

"Hata ukiita kwa nguvu."

Mama Pacha akatikisa kichwa taratibu, na Fundi akapanua mikono kama kusema basi, mambo yameishia hapo. Ndipo Shangazi, aliyekuwa bado anatazama mapaa, akanigeukia.

"Hata akiita kwa nguvu?" akaniuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia bei ya kitu ambacho hajathubutu kukishika.

"Hata hivyo, dada."

"Basi kichore hicho."

Fundi alimtazama dada yake kama anayeona sura yake kwa mara ya kwanza baada ya muda. "Dada," akasema, "umekasirika?"

"Sijakasirika. Nimechoka." Akalirudisha bega la gauni mahali pake. "Mwenye hasira ukimnyamazia hupoa, mdogo wangu. Aliyechoka hapoi. Ni mpaka apumzike."

Kule juu Mama Pacha aliinamia fimbo yake. Nadhani alilia. Mimi nilijishughulisha na kukunja uzi, maana machozi ya mwenye nyumba hayamhusu mchora ramani.

Nilichora ramani upya, na niliichora kwa hasira, bila kumwachia kijana wa ofisini hata mstari mmoja. Chumba chenye dirisha pana upande wa mteremko. Choo chake mwenyewe. Mlango wa mbao ngumu unaofungukia ndani. Mimi mwenyewe nimepanga vyumba viwili ambavyo jiko lake liko kwenye njia ya kwenda bafuni, mganga hajigangi, lakini chumba kile nilikichora kama changu. Karatasi ilipokuwa tayari nikaipeleka dukani.

Walikuwepo wote. Fundi alikuwa kwenye cherehani, Mama Pacha karibu na mlango, mabinti wakipiga pasi kwa zamu, maana yake mmoja alipiga na mwenzake akashauri. Shangazi alikaa pembeni akishona vifungo kwenye mashati ya shule. Nikatandaza mchoro juu ya meza ya kukatia. Fundi akausoma wote kwa kidole, akateremka ngazi za nje, akazunguka chumba cha chini.

"Ni kizuri," akasema. Kisha akakohoa. "Ila tumekaa kama familia, tukapata wazo. Hilo la kutosikia tumelitatua. Tuweke kengele. Kitufe kiwe jikoni, ilie kule chini kwake. Hapo hata asiposikia sauti, atasikia kengele."

Mama Pacha aliitikia. Alikuwa na uso wa mtu aliyelifikiria jambo mpaka akalipatia dawa. Nami nikasimama na penseli mkononi, nimechoka hata kuliko siku ile kiwanjani. Kuchora kengele ni kazi ndogo, kiduara na mstari. Nilimtazama Shangazi. Nilitaka aseme kitu na nilikuwa na hakika atasema popote.

Hakuinua kichwa. Alizungusha uzi chini ya kifungo, akaukata kwa meno.

"Kengele ni wazo zuri," akasema. "Ila kitufe kiwe kwangu, ilie kwenu."

Fundi aliinua kidole kutoka kwenye mchoro.

"Sasa sisi tukikuhitaji?" akauliza Fundi.

"Kuna ngazi, Injinia amezichora. Mtashuka, mtabisha hodi."

"Wifi, na nyonga yangu?" akasema Mama Pacha.

"Nyonga yako naijua kuliko hata daktari, wifi yangu, na chakula chako cha mchana nitakuja kukupikia mwenyewe. Lakini ndani una mabinti wawili wenye miguu minne. Watashuka wao. Wakibisha nami niko macho, nitawaambia karibuni."

Yule aliyekuwa na pasi akaisimamisha. "Na ukiwa umelala, shangazi?"

"Nikiwa nimelala," akasema, akatia uzi mwingine kwenye sindano, akaukosa mara ya kwanza, akautia tena, "mtaniacha nilale."

Fundi aliutazama tena mchoro. Halafu akaitoa tepu shingoni, akaiweka mezani, akaniambia bila kunitazama, "Andika alivyosema."

Nikachora kiduara cha kengele kwenye ukuta wa jiko, na kitufe kando ya kitanda, chini.

Shangazi akaweka shati pembeni, akaja mezani na mkoba wake. Alitoa kile kitambaa, akakifungua, akaweka kitasa juu ya karatasi, pale pale penye mlango wake. Nikakipima urefu na upana, nikaangalia unene wa mlango niliouandika, nikapima tena.

"Kitaingia," nikamwambia, na safari hii nilikuwa nimepima mwenyewe.